Kesho haibadilishi jana: fizikia ya kwantamu tunaisoma vibaya

Kuna klipu inazunguka sana siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp huku kusini, nimetumiwa na watu wa Mtwara mjini, wa Masasi, na ndugu yangu mmoja aliyeko Lindi, na karibu kila aliyetuma ameuliza kitu kilekile: mwalimu, hii ni kweli? Ndani yake kuna sauti inasema wanasayansi wamethibitisha kwamba wakati unaweza kurudi nyuma, kwamba wamepima "muda hasi", yaani muda ulio chini ya sifuri, kule University of Toronto, na kwamba kwenye dunia ya chembe ndogo uamuzi utakaofanya kesho unabadilisha kilichotokea jana. Nafundisha fizikia sekondari kwahiyo swali linaniangukia mimi, na nimeona jibu la mistari miwili halitoshi maana klipu yenyewe sio uongo mtupu. Imechukua vitu vitatu vinne vya kweli, vilivyofanywa na watu makini, ikavibandika pamoja, alafu ikatoa hitimisho ambalo majaribio yenyewe hayalifikii.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ni kweli sheria za msingi za fizikia, za kwantamu (fizikia ya chembe ndogo kabisa) zikiwemo, karibu zote hazibagui kati ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kesho inabadilisha jana kuna shimo kubwa, na karibu kila jaribio linalotajwa kuziba hilo shimo lina kitu kimoja ndani yake ambacho habari za mtandaoni huwa zinakiruka: matokeo yamechambuliwa baada ya kazi kwisha. Mwanzo wa jaribio tunaweza kuuandaa tunavyotaka, mwisho wake hatuwezi kuuandaa, tunaweza kuuchambua tu, yaani kuchagua yapi tuyaangalie na yapi tuyaweke pembeni. Hiyo tofauti ya kuandaa na kuchambua ndio inabeba sehemu kubwa ya kile tunachokiita sababu na matokeo, na asiyeiona lazima klipu kama hii imchanganye, awe na digrii au asiwe nayo.

Tuanzie mbali kidogo na kwantamu, tuanzie baharini. Maji ya Mikindani yanavyojaa na kupwa yanafuata mwezi na jua, na milinganyo ya Newton inayokuambia bamvu, yale maji makubwa, la mwezi ujao litakuwa lini ndio hiyohiyo ukiigeuza inakuambia maji yalikuwaje mwaka 1866 siku Livingstone anatua pale. Hubadilishi sheria, unabadilisha alama ya wakati kutoka jumlisha kwenda toa, na mwendo wa kila kitu unageuka, basi. Ukirekodi mwezi unavyolizunguka dunia alafu ukaicheza rekodi kinyumenyume, hakuna mwanafizikia atakayeweza kukuambia kwa kutumia Newton peke yake kwamba hii imegeuzwa. Huo ndio ulinganifu wa wakati, hauna ushirikina wowote, na ulikuwepo kwenye vitabu miaka mia mbili na zaidi kabla ya mtu yeyote kusikia neno kwantamu.

Sasa angalia kinachotokea kwenye bahari hiyohiyo. Maji yanaposukumwa huku na huku yanasuguana na sakafu ya bahari, msuguano unakula nguvu ya mzunguko wa dunia, dunia inapungua kasi kidogo kidogo na mwezi unasogea mbali na sisi kama sentimita 3.8 kila mwaka. Wale dinosaria waliochimbwa Tendaguru, Lindi, ambao waliishi kama miaka milioni 150 iliyopita, siku yao ilikuwa fupi kuliko saa 24 zetu. Kwahiyo sheria zinazoenda pande zote mbili zimetuzalia kitu kinachoenda upande mmoja tu, na hii ndio ilimsumbua mwanafizikia Boltzmann kule Austria kwenye miaka ya 1870. Alijaribu kuonyesha kwa hesabu kwamba vurugu ya chembe, ile tunayoiita entropia, lazima iongezeke, na mwaka 1876 mwenzake Loschmidt akamuuliza swali zito: kama kila mgongano wa chembe unaweza kugeuzwa, huo ulazima wa upande mmoja umeutoa wapi? Jibu ambalo wanafizikia wengi wanalikubali mpaka leo ni kwamba haujatoka kwenye sheria, umetoka kwenye mwanzo. Ulimwengu ulianza, kama miaka bilioni 13.8 iliyopita, ukiwa na entropia ndogo ajabu, na tangu hapo njia za kwenda kwenye vurugu ni nyingi mno kuliko za kurudi kwenye mpangilio. Nimeikaza hii kwa sababu somo lote liko hapa kwa udogo wake. Sheria inaweza kuwa na pande mbili na mambo yakaenda upande mmoja, bila hizo kauli mbili kupingana.

Kwenye kwantamu hali ni hiyohiyo mpaka unapofika kwenye kupima. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926, unaoeleza hali ya chembe inavyobadilika na wakati, unageuzika, mwanafizikia Wigner alionyesha mwaka 1932 namna sahihi ya kuugeuza, na hakuna ugomvi hapo. Ugomvi unaanza ukiwasha ditekta, yaani kifaa kinachonasa chembe, maana kabla ya kupima unakuwa na uwezekano mwingi na baada ya kupima unabaki na jibu moja, na hiyo inaonekana kabisa kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Kwa muda mrefu watu walidhani hapa ndipo kwantamu inapoleta mshale wake wenyewe wa wakati. Mwaka 1964 wanafizikia Aharonov, Bergmann na Lebowitz wakalichukua jambo hili taratibu wakaonyesha kitu ambacho mpaka leo kinanivutia sana: ukijua chembe ilianzaje na ukajua pia imeishia wapi, kanuni ya uwezekano wa kilichopimwa katikati inasomeka sawasawa ukienda mbele na ukirudi nyuma. Upande mmoja unaojitokeza kwenye vitabu vya kawaida unatokana na kwamba tumefunga ncha moja, ya mwanzo, na ncha ya mwisho tumeiacha wazi. Na kwa nini tunafunga ya mwanzo tu? Kwa sababu ndiyo tunayoweza. Naweza kuamua fotoni yangu, yaani chembe ya mwanga, ianze kwenye hali fulani, hiyo ni kuandaa, lakini siwezi kuamua itue kwenye ditekta ya kushoto, naweza kusubiri tu, zikitua kushoto nazihesabu na zikitua kulia naziacha, hiyo ni kuchambua.

Nisije nikalaumiwa kwamba nimeficha, kuna sehemu moja sheria zenyewe zinabagua kweli. Mwaka huohuo wa 1964 Cronin na Fitch waligundua kwamba chembe zinazoitwa kaoni zinavunja ulinganifu fulani ambao, ukiufuata kwenye hesabu, unagusa na ulinganifu wa wakati, na mwaka 2012 timu ya BaBar kule California ikauona uvunjaji wa ulinganifu wa wakati moja kwa moja kwenye chembe nyingine zinazoitwa mezoni B. Ni jambo kubwa kwenye fizikia ya chembe. Ila halihusiani na kwa nini unakumbuka jana na hukumbuki kesho, ni athari ndogo inayotokea kwenye nguvu hafifu ya nyuklia, na ukibadilisha pamoja na wakati chaji na kushoto-kulia ulinganifu unarudi.

Turudi kwenye klipu. Silaha yake kubwa ni jaribio la kufuta alama ya njia ambayo chembe ilipita, lile la Kim na wenzake lililochapishwa mwaka 2000, na hapa naomba msomaji avumilie tulitazame kwa karibu maana ndio chanzo cha karibu kila stori ya kesho kubadilisha jana. Leza inapita kwenye vipenyo viwili alafu inapiga kristali, na mara mojamoja fotoni moja inageuka kuwa mbili pacha. Pacha wa kwanza anakwenda kwenye ditekta tuiite sifuri, ambayo inasogezwa huku na huku kurekodi ametua wapi. Pacha wa pili anapewa njia ndefu zaidi, kama mita mbili na nusu zaidi, kwahiyo anafika kama nanosekunde 8 baada ya mwenzake kuwa ameshatua na kuandikwa. Huko njiani anakutana na vioo vinavyopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na anaishia kwenye moja ya ditekta nne. Mbili kati ya hizo zikilia unajua fotoni ilipita kipenyo gani, mbili nyingine zikilia hiyo taarifa imefutika kabisa. Sasa ukichukua kwenye rekodi ya sifuri zile tu ambazo pacha wao aliishia kwenye ditekta za kufuta, unaona michirizi ya mwanga na giza kama ya wimbi. Ukichukua zile ambazo pacha wao alitoa siri ya njia, michirizi haipo. Msimulizi anasema hapo: umeona, pacha wa pili amechelewa, lakini ameamua wa kwanza alifanya nini!

Kinachorukwa ni hiki. Ditekta sifuri peke yake haionyeshi michirizi kamwe. Hata siku moja. Inaonyesha mlima mmoja laini, uwe umefuta au hujafuta. Na ditekta za kufuta ni mbili, kila moja ina michirizi yake, na palipo na giza kwenye ya kwanza ndipo penye mwanga kwenye ya pili, kiasi kwamba ukizijumlisha zinafutana unarudi kwenye mlima uleule. Kwa maneno mengine michirizi haikuchorwa na pacha aliyechelewa, ilitokea pale mtu alipokaa na rekodi mbili akaanza kuoanisha, hii na hii, hii na hii, akaweka pembeni zingine. Tena kwenye jaribio lile hakuna hata aliyeamua chochote, vioo ndio vilipeleka pacha wa pili huku au kule kwa bahati.

Kwa watu wa huku naweza kulieleza hivi. Msimu wa korosho karani wa chama cha msingi anaandika kwenye daftari lake kila gunia linaloingia ghalani, uzito na saa, na ukilitazama daftari lote kwa mkupuo huoni mpangilio wowote, magunia yameingia tu. Wiki mbili baadaye inakuja orodha nyingine kutoka mjini inayoonyesha kila gunia lilipewa daraja gani. Ukioanisha orodha na daftari unaweza kukuta magunia ya daraja la kwanza yaliingia asubuhi na ya daraja la pili yaliingia jioni, mpangilio mzuri kabisa, na hakuna mtu ghalani atakayesema orodha ya mjini imerudi nyuma ikabadilisha saa magunia yalipoingia. Wino wa karani ni uleule. Mfano huu unaishia hapa lakini, na hili lazima nilikazie: gunia lilikuwa na ubora wake tangu linaingia, hata kama hakuna aliyelipima, wakati fotoni pacha haziruhusu maelezo rahisi ya namna hiyo. Mwanafizikia John Bell alionyesha mwaka 1964, na majaribio yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger Nobeli ya mwaka 2022 yakathibitisha, kwamba chembe pacha hazibebi tu majibu yaliyoandikwa tayari na kila moja ikabaki na yake bila kuguswa na kinachofanyika mbali. Kwahiyo kuna ajabu ya kweli pale. Ila ajabu hiyo iko kwenye uhusiano wa rekodi mbili. Rekodi ya kwanza haikubadilika.

Muda hasi wa Toronto nao ni hivyohivyo. Kikundi cha Aephraim Steinberg kilitoa matokeo yake mwezi wa 9 mwaka 2024: wanapitisha fotoni kwenye wingu la atomi za rubidiamu zilizopoozwa sana, na kwa mwanga mwingine dhaifu wanapima atomi zimekaa muda gani zikiwa zimesisimka. Wakichukua zile fotoni tu zilizopita mpaka upande wa pili bila kutawanywa, wastani wa huo muda unatoka chini ya sifuri. Hapo pana maneno mawili yanayobeba uzito wote, "zile tu" na "wastani". Ni kipimo dhaifu, yaani kinachogusa chembe kidogo mno, kilichorudiwa mara nyingi mno, kwenye kundi lililochaguliwa kwa jinsi lilivyoishia, na ni palepale hesabu ya akina Aharonov inapotabiri kwamba wastani unaweza kutoka nje ya kile tulichozoea, hata hasi. Ni kazi nzuri sana na inasema kitu kipya kuhusu mwanga unavyopita kwenye atomi. Lakini hakuna ujumbe uliotangulia kufika kabla haujatumwa, na watafiti wenyewe wamelisema hilo wazi kila walipoulizwa. Yapo na mengine mawili klipu imeyataja harakaharaka. Lile la University of Surrey la mwaka 2025 ni la nadharia, linaonyesha kwamba milinganyo inayotumika kueleza kitu kinachopoteza nguvu kwenye mazingira yake haina haja ya kuchagua upande, ukianzia wakati sifuri, entropia inaongezeka ukienda huku na inaongezeka ukienda kule, jambo ambalo Loschmidt angelifurahia. Na lile la mwaka 2019 la kompyuta ya IBM, lililoandikwa kila mahali kwamba Warusi wamegeuza wakati, ilikuwa programu inayorudisha kyubiti mbili, yaani vipande vya taarifa vya kompyuta ya kwantamu, kwenye hali zilipoanzia, ikifanikiwa kama asilimia 85 ya majaribio na kushuka kwenye kama nusu kyubiti zikiwa tatu. Walichogeuza ni hali ya chembe, kwa kuandaa kwa ustadi mkubwa, na saa ya ukutani iliendelea kwenda mbele.

Mtu anaweza kuniambia sawa, tumekubali majaribio haya hayathibitishi, lakini je haiwezekani kwamba nyuma ya pazia kesho inachangia jana kweli? Hili ni swali la heshima na lina watu wa heshima nyuma yake. Costa de Beauregard alilipendekeza Ufaransa tangu miaka ya katikati ya karne iliyopita, Cramer akaja na tafsiri yake ya mwaka 1986 ambamo mawimbi mawili, moja linaloenda mbele na moja linalorudi nyuma, yanapeana mkono, na siku hizi Huw Price na Ken Wharton wanalitetea kwa umakini mkubwa. Hoja yao yenye nguvu ni ya Bell. Bell alituacha na uchaguzi mchungu, kwamba ukitaka ulimwengu wenye hali halisi kabla ya kupima inabidi ukubali athari inayoruka umbali papo hapo, kitu kinachokaa vibaya na Einstein, aliyesema hakuna kinachopita spidi ya mwanga. Wao wanasema pana mlango mwingine: Bell alichukulia kwamba hali ya chembe inapozaliwa haitegemei kipimo kitakachofanywa baadaye. Ukiliachia hilo, athari haina haja ya kuruka kutoka pacha mmoja kwenda kwa mwingine, inashuka nyuma mpaka walipozaliwa pamoja alafu inapanda tena kwa mwenzake, polepole, ndani ya spidi ya mwanga. Na wanaongeza, kama sheria ni linganifu kwa wakati, kwa nini tushangae? Mimi naiona hii kama hoja nzuri kuliko watu wengi wanavyoipa, na wanaoikataa kwa kusema tu kwamba sababu lazima itangulie matokeo, basi, wananisikitisha, maana hilo ndilo swali lenyewe linaloulizwa, huwezi kulijibu kwa kulirudia.

Ugumu wa hoja yao uko kwingine. Chukua jaribio ambalo tungeweza kulifanya mimi nikiwa Mtwara na wewe ukiwa Lindi, kilomita kama mia moja na kitu za faiba kati yetu, ambazo mwanga unazipita kwa kama nusu ya milisekunde. Mimi nakaa na ditekta sifuri, pacha wa pili anakuja kwako, na wewe unaamua ufute au usifute. Kama uamuzi wako ungebadilisha kile kilichoandikwa kwenye ditekta yangu nusu milisekunde iliyopita, ningesoma tu skrini yangu nikajua umeamua nini kabla hujaamua, alafu ningekupigia simu, na kwa faiba ndefu zaidi tungekuwa na njia ya kupeleka habari nyuma. Hesabu ya kwantamu inakataza hili kabisa: chochote utakachofanya Lindi, takwimu za Mtwara peke yake hazisogei hata chembe. Mpaka uniletee orodha yako, kwa njia ya kawaida, mbele kwenye wakati, ndio tuoanishe. Sasa mtetezi wa athari ya kurudi nyuma analazimika kusema kwamba athari ipo, lakini ulimwengu umepangwa kwa uangalifu wa ajabu kiasi kwamba kila inapotaka kuonekana inafutwa. Mwaka 2015 Wood na Spekkens waliliandika tatizo hili kwa ukali: maelezo ya kisababishi ya matokeo ya Bell, yale ya kuruka umbali pamoja na yale ya kurudi nyuma, yanadai namba zipangike kwa usahihi ambao hauna sababu. Kwahiyo sio tatizo la akina Price peke yao, na hiyo ndio haki yao. Wanaweza kujibu kwamba ulinganifu wenyewe ndio unaolazimisha kufutana huko. Inawezekana, na wakionyesha hivyo kwa hesabu kamili mimi nitakuwa wa kwanza kuwafundisha wanafunzi wangu. Mpaka sasa naona mzigo uko kwao.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi mtandaoni, ni ile ya mwangalizi mwenye akili, kwamba fotoni inajua unaitazama na nia yako ndiyo inayoamua. Hakuna kitu kwenye majaribio niliyoyaeleza kinachohitaji mtu. Ditekta ni kipande cha kifaa chenye umeme, vioo havina nia, na jaribio la kufuta lingetoa rekodi zilezile kama watafiti wote wangeenda kulala na kompyuta ikaendelea kuandika. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa. Huku mitaani kuna vifaa vya kushika mkononi vinavyoitwa vipimo vya kwantamu, unashika kijiti kwa dakika moja unaambiwa hali ya figo, ini na damu yako, alafu unauziwa dawa za laki mbili. Mama mmoja jirani yangu alitembea na karatasi kama hiyo, kurasa kwa kurasa, akiwa ameacha kwenda kliniki ya presha, kwa sababu aliambiwa hiki ni kipimo cha sayansi mpya inayoona ugonjwa kabla haujaja. Kuona kabla haujaja, hilo neno halikutoka hewani, limetoka kwenye klipu za aina hii tunazozirushiana.

Na kuna upande wa imani, ambao naugusa kwa adabu. Nimesikia klipu ikitumika kuthibitisha kadari, kwamba kama kesho tayari ipo na inaivuta jana basi kila kitu kimeshaandikwa na fizikia imekiri. Nimesikia pia ikitumika kinyume chake kabisa, kwamba mtu anaweza kukaa leo akaibadilisha historia yake. Haya ni masuala makubwa kuliko maabara na wazee wetu wa dini wameyajadili kwa kina karne nyingi kabla ya leza, sioni kwa nini yasimamishwe juu ya mlinganyo ambao hausemi hivyo. Ulinganifu wa wakati unasema sheria inasomeka pande mbili. Haukuambii kama yatakayotokea yameshawekwa, na hakika haukupi kifaa cha kufuta yaliyokwisha.

Mashuleni tuna kazi. Mwanafunzi wa kidato cha sita anatoka anajua athari ya fotoelektriki na ngazi za nguvu za atomi, anajua kukokotoa, lakini kama hajawahi kuambiwa kwamba milinganyo yote ile ya mwendo aliyoikariri inageuzika, na kwamba mshale wa wakati unatoka kwenye mwanzo na sio kwenye mlinganyo, basi siku anakutana na klipu hana pa kushika. Haihitaji maabara ya mamilioni. Jedwali la maji ya bandari ya Mtwara na kipindi kimoja cha mchana vinatosha kuanzia, na nimeona wanafunzi wa mstari wa nyuma wakiamka wanapogundua hesabu inaweza kurudi.

Watu wananiuliza pia ni kitu gani kingenifanya nibadili msimamo. Kipo, na kinapimika. Mtu achukue ditekta sifuri peke yake, asiioanishe na kitu, asichague wala asiweke pembeni fotoni hata moja, alafu atuonyeshe kwamba mlima ule laini umebadilika umbo kulingana na kitu ambacho mwenzake alikifanya baadaye. Mahesabu ya kwantamu ya miaka mia moja yanasema hautabadilika, na vipimo vyote vilivyofanywa mpaka sasa vimekubaliana nayo. Ukibadilika, hata kwa sehemu ndogo inayozidi makosa ya kipimo, klipu itakuwa imesema kweli, na vitabu vingi itabidi viandikwe upya kuanzia ukurasa wa kwanza.